UKOKO WA BARAFU NDANI YA FRIZA YA KIKUNDI

Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kujisaidia kina friza yake. Wengine wanagandisha maji na kuwauzia barafu wachuuzi wa samaki. Wengine wanaweka mbuta na ngege wakingoja siku ya soko. Wengine wanauza maziwa lala, soda na maji baridi kando ya barabara ya Rongo, Awendo au Kendu Bay. Friza imenunuliwa kwa mchango au kwa mkopo, na mkopo huo lazima ulipwe, iwe biashara imekwenda vizuri au imelala.

Sasa hebu fungueni hiyo friza mtazame kuta zake za ndani. Je, mnaona bati safi lenye ubaridi, au mnaona ukuta mweupe wa barafu, mnene kama kiganja, umeshika mifuko ya samaki kama simenti? Wanakikundi wengi wakiona ukuta huo hufurahi. Husema, "Friza yetu iko na nguvu, tazama barafu ilivyojaa." Ukweli ni kinyume cha hayo. Ukoko ule unaizuia friza kufanya kazi, unakula stima yenu, na usipotolewa utaua kompresa kabla ya wakati wake.

Mazungumzo kama haya husikika sana katika sehemu zetu:

"Fundi, hii friza uliyotutafutia imezeeka. Inanguruma usiku kucha na maji hayagandi."

"Mama mweka hazina, si kuzeeka. Mara ya mwisho mliizima lini mkaitoa barafu?"

"Kuizima? Na samaki wa watu tuweke wapi, fundi?"

Mama anauliza swali la haki, na tutalijibu hapa chini. Lakini kwanza tufahamu kile ambacho friza inafanya.

FRIZA HAITENGENEZI BARIDI

Watu husema friza "inatengeneza baridi". Kusema kweli hakuna kitu kinachotengeneza baridi. Friza inatoa joto ndani na kulitupa nje. Mvuvi mwenye mtumbwi unaovuja anajua kazi hii: maji yanaingia kidogo kidogo, naye anayakumba kwa kopo na kuyamwaga ziwani. Akikumba haraka kuliko yanavyoingia, mtumbwi unabaki mkavu. Joto ni kama yale maji. Linaingia kwenye friza kupitia ukutani, kupitia mlangoni, na pamoja na kila samaki wa moto mnayemtia ndani. Kompresa ndiyo kopo la kukumbia.

Joto linakumbwa namna gani? Mkumbuke dawa ya spiriti ambayo daktari anapaka kabla ya kudunga sindano. Inakauka upesi na pale pahali panasikia baridi, kwa sababu spiriti ikigeuka kuwa mvuke inachukua joto la ngozi. Ndani ya mabomba ya friza kuna gesi inayofanya hivyo hivyo. Ikifika kwenye bati la ndani inachemka na kuwa mvuke, na kwa kuchemka inanyonya joto la samaki wenu. Kompresa inauvuta ule mvuke, inaukandamiza, na kuusukuma kwenye mabomba ya nje ambako unaachilia joto na kurudi kuwa maji. Ndiyo sababu ukigusa nyuma au ubavuni mwa friza inayofanya kazi unasikia moto. Huo moto ni joto lililotoka kwa samaki.

Basi kila kitu kinategemea jambo moja: joto la samaki lifike kwenye bati la ndani bila kuzuiwa. Hapo ndipo ukoko unapoingilia kati.

UKOKO UNATOKA WAPI

Hautoki kwenye gesi, wala si maji yanayovuja kutoka kwenye mabomba. Unatoka kwenye hewa. Weka chupa ya soda baridi mezani hapa Homa Bay saa sita mchana. Baada ya dakika chache inatoa jasho. Soda haijatoka ndani ya chupa. Ni mvuke uliokuwa hewani uligusa chupa baridi ukawa maji.

Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba mpaka gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi ya friza nzuri, haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Kila mara mlango unapofunguliwa hewa ya nje inaingia, na karibu maji yote iliyobeba yanabaki ndani. Hayana pahali pa kwenda. Yanagandia kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote, yaani bati. Leo utando mwembamba kama unga, kesho mwingine juu yake, na baada ya mwezi ni ukuta.

Si mlango peke yake. Samaki waliotiwa wakiwa wanatiririka maji, sufuria ya mchuzi isiyo na kifuniko, ndoo ya maji iliyo wazi inayongoja kuganda, vyote vinatoa mvuke. Mpira wa mlango uliopasuka ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu huo unaingiza hewa mchana na usiku hata kama hakuna mtu aliyefungua.

Kuna hasara nyingine hapa ambayo watu hawaihesabu. Mvuke hauwi barafu bure. Kabla haujaganda, friza lazima itoe joto lote lililomo ndani ya ule mvuke, nalo ni jingi mno. Kilo moja ya mvuke kugeuka jalidi inahitaji kazi zaidi ya mara nane ya kugandisha kilo moja ya maji ambayo tayari yamepoa kufikia sifuri. Kila kilo ya ukoko mnayoibandua ukutani imekula nguvu ambayo ingewapa ndoo ya barafu ya kuuza.

BLANKETI JUU YA BATI

Lakini barafu si baridi? Ikiwa ukutani si ndiyo itapoza samaki vizuri zaidi? Swali hili huulizwa kila mara, na linaeleweka.

Jibu liko kwenye njia ya joto. Bati la alumini linapitisha joto upesi sana, kama sufuria juu ya moto. Barafu ngumu inapitisha joto kwa shida, karibu mara mia moja chini ya alumini. Na ule ukoko mweupe, laini, unaopondeka kwa kidole ni mbaya zaidi, kwa sababu una vishimo vingi vya hewa ndani yake. Hewa iliyonaswa inazuia joto. Ndiyo kazi ya sweta, ndiyo kazi ya makuti na nyasi juu ya paa. Kwa hiyo kubandika jalidi kwenye bati ni kulivisha bati sweta. Ubaridi umebaki upande mmoja wa sweta na samaki wako upande wa pili.

Friza itafanya nini? Inategemea kile kidude kinachopima baridi, themostati, kimefungwa wapi. Kama kinapima hewa ya ndani, kitaona bado kuna joto na kitaiambia kompresa iendelee. Itanguruma mchana na usiku bila kupumzika. Lakini katika friza na friji nyingi kidude hicho kimegusana na bati lenyewe. Bati limefunikwa, halipati joto, linapoa upesi; kidude kinadhani kazi imekwisha na kinazima kompresa. Hapo friza inakaa kimya, stima haiendi sana, kila mtu ameridhika, kumbe samaki wanaoza polepole. Mimi naiogopa hii ya pili kuliko ya kwanza. Friza inayonguruma inawaamsha. Hii nyingine inawaacha mmelala.

Tuje kwenye pesa. Tuseme friza yenu inavuta wati 150. Ikiwa safi inafanya kazi nusu ya siku, yaani saa 12, na inakula uniti 1.8. Ukoko ukiilazimisha kufanya kazi saa 18 inakula uniti 2.7. Tofauti ni uniti 0.9 kwa siku, au uniti 27 kwa mwezi. Hesabu hii ni mfano tu. Friza yenu inaweza kuwa kubwa au ndogo. Chukueni risiti ya tokeni, mtazame uniti moja mmelipa shilingi ngapi mkihesabu na kodi zote, kisha mzidishe kwa 27. Hizo ni pesa zinazotoka kwenye sanduku la kikundi kila mwezi bila mtu kuziiba.

Kwa wanaouza barafu, stima ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni muda. Maji yaliyokuwa yakiganda usiku mmoja sasa yanataka siku mbili. Mchuuzi aliyefika alfajiri kuchukua barafu anakuta uji wa barafu ndani ya mfuko, naye hatarudi. Na pia ukoko unakula nafasi: friza iliyobeba mifuko arobaini sasa inabeba ishirini na tano.

SAMAKI HAWANGOJI

Tangu mbuta alipoingizwa katika Ziwa Victoria, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hasa baada ya viwanda vya minofu kuanza kumnunua kwa wingi katika miaka ya 1980, biashara ya ziwa imesimama juu ya barafu. Katika miaka ya 1997 hadi 1999 nchi za Ulaya zilifunga milango yao kwa samaki wa ziwa letu kwa vipindi tofauti, kwa sababu ya usafi, kipindupindu na sumu. Wavuvi wa Mbita na Karungu walioishi wakati ule wanakumbuka bei ilivyoanguka. Tangu hapo mnunuzi anauliza juu ya barafu kabla hajauliza juu ya uzito.

Angalieni jambo moja linaloweza kuwachanganya. Barafu inayowekwa juu ya samaki sandukuni ni rafiki, na inawapoza kwa sababu inayeyuka. Kila kilo ikiyeyuka inachukua joto jingi kutoka kwa samaki. Barafu iliyobandikana ukutani mwa friza haiyeyuki, na kwa hiyo haichukui joto la mtu yeyote. Imekaa tu katikati ya njia.

FRIJI YA ZAHANATI

Hapa jambo si pesa tena. Wengi wetu tuko kwenye kamati za zahanati, au tuna mama na watoto wanaokwenda huko kila mwezi, na ni vizuri tujue.

Zahanati nyingi za zamani, hasa zile za misheni zilizokuwa mbali na laini ya stima, zilitumia friji ya mafuta ya taa. Watoto walikuwa wakishangaa: moto chini, barafu juu! Friji hiyo ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuiuza mwaka 1925. Haina kompresa. Moto mdogo unachemsha amonia itoke kwenye maji; amonia inapoa, inakuwa majimaji, inashuka kwenye sehemu ya baridi na kugeuka mvuke ikichukua joto la ndani, kisha inamezwa tena na maji na safari inaanza upya. Ni kazi ya ajabu, lakini nguvu yake ni ndogo. Lazima isimame sawasawa kwa pima maji, utambi ukatwe vizuri, na moto uwe wa buluu. Friji dhaifu namna hiyo ikivikwa ukoko haina ujanja, inashindwa mara moja. Sehemu nyingi sasa zimepata friji za stima au za jua, lakini kanuni ya ukoko haijabadilika.

Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 juu ya sifuri. Joto likizidi, zinakufa polepole. Lakini baridi ikizidi, baadhi yake zinakufa mara moja: chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, na ile sindano moja yenye kinga tano wanayopewa watoto wachanga. Zikiganda hazifai tena hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri. Mtoto anadungwa, analia, kadi inatiwa alama, na kinga hana.

Ukoko unaleta hatari zote mbili. Bati likifunikwa, rafu za chini zinapata joto. Mhudumu akiona kipimajoto kimepanda anazungusha kidude kwenye baridi zaidi, na chanjo zilizo karibu na bati zinaganda. Ndiyo sababu wahudumu wanafundishwa wasiziegemeze chanjo kwenye bati, wasome kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika, na watoe barafu mara inapopita unene wa nusu sentimita. Kwenye kikao cha kamati mtu anaweza kuuliza kwa heshima, "Daktari, friji yetu ilitolewa barafu lini?" Swali hilo halimdharau mtu.

Zipo friji za chanjo ambazo zimetengenezwa makusudi zikiwa na barafu ndani ya kuta zake. Msije mkaenda kuibandua! Barafu hiyo ni ya maji yaliyofungiwa ndani, nayo inaweka ubaridi stima ikikatika. Pia vile vibuyu vya barafu vya kubebea chanjo kwenda vijijini haviwekwi vikiwa vigumu kama jiwe. Vinaachwa nje mpaka mtu akivitikisa asikie maji yanacheza ndani. Hapo vimefika sifuri na havitagandisha chanjo.

HATA ULAYA

Jambo hili si la friza peke yake. Kiyoyozi cha duka la dawa au cha ofisi kikiziba vumbi kwenye chujio, hewa haipiti vizuri, bati lake linapoa kupita kiasi na kuganda. Utaona maji yanadondoka ukutani na chumba kimekuwa moto. Tiba ya kwanza ni kukizima, kuacha barafu iyeyuke, na kuosha chujio.

Na ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya wana nyumba zinazopashwa joto na mashine iliyo kama friji iliyogeuzwa: inanyonya joto kutoka hewa ya nje, hata wakati wa baridi kali, na kulileta ndani. Bati lake liko nje, linashika jalidi, na likifunikwa nyumba inapoa. Kwa hiyo mashine imeundwa ijigeuze yenyewe kwa dakika chache, ipeleke joto nje kuyeyusha barafu, kisha irudi kazini. Zile friji mpya za mlango wima zinazosemwa "hazigandi" zina ujanja wa jamii hiyo. Zina hita ndogo iliyofichwa nyuma ya ukuta ambayo huwaka kila baada ya saa kadhaa na kuyeyusha jalidi. Hita hiyo ikiungua, barafu inajaa mahali msipopaona na kushika feni. Dalili yake ni kwamba juu kuna baridi kidogo na chini mboga zinaoza. Hapo iteni fundi.

KUTOA UKOKO BILA KUHARIBU

Turudi kwa mama mweka hazina na samaki wa watu. Msingoje mpaka friza imejaa. Chagueni siku ambayo mzigo umeuzwa, kwa mfano jioni ya siku ya soko, na muiandike kwenye daftari la kikundi kama mnavyoandika siku ya mkutano. Kabla ya siku hiyo tengenezeni barafu ya kutosha. Samaki waliobaki watiwe sandukuni pamoja na barafu hiyo, wafunikwe kwa blanketi nzito au magunia. Kazi yote ni ya saa chache. Samaki aliyeyeyuka kabisa asirudishwe kuganda tena. Auzwe au apikwe siku hiyo hiyo.

Chomoeni waya ukutani. Si kuzima swichi tu, chomoeni. Acheni mlango wazi. Wekeni ndani beseni za maji ya moto, mfunge mlango kwa dakika kumi na tano, mbadilishe maji, mrudie. Barafu itaanza kuachia bati na mtaiondoa vipande vipande kwa mkono au kwa mwiko wa mbao. Tandikeni matambara chini, na kama kuna kizibo cha kutolea maji kifungueni.

Sasa sikilizeni vizuri: kisu, panga, bisibisi na nyundo visikaribie friza. Chini ya lile bati jembamba mabomba ya gesi yamepita, mengine hayana unene wa kidole kidogo. Kisu kikitoboa, mtasikia "tsss", na huo ndio mwisho. Kuziba na kujaza gesi upya kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya friza yenyewe, na mara nyingi halizibiki vizuri. Friza nyingi zilizotupwa nyuma ya nyumba zilikufa kwa kisu cha jikoni.

Jiko la makaa pia lisiwekwe ndani wala mbele ya friza. Linayeyusha plastiki na mpira wa mlango. Isitoshe, friza nyingi za sasa zina gesi inayoitwa R600a, jamii ya gesi ya kupikia, na kama inavuja itawaka. Na moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua watu bila harufu.

Barafu ikiisha, osheni kuta kwa maji na magadi kidogo ya kuokea, mfute zikauke kabisa. Maji yakibaki ukutani mtakuwa mmepanda mbegu ya ukoko mpya. Washeni, mngoje mpaka ubaridi urudi, ndipo mrudishe samaki.

Mara ngapi? Tumieni kidole. Ukoko ukifika unene wa nusu sentimita, karibu nusu ya upana wa ukucha wa kidole kidogo, siku imefika. Kwa friza ya dukani inayofunguliwa kila dakika inaweza kuwa kila wiki mbili. Kwa friza ya samaki inayofunguliwa mara mbili kwa siku inaweza kufika miezi miwili au zaidi.

Kupunguza kasi yake kunawezekana. Fungueni kwa mpango: anayetaka mifuko mitatu achukue yote mara moja, si kufungua mara tatu huku mkipiga bei na mteja. Kausheni samaki kabla ya kuwatia, wafungwe kwenye mifuko. Kila ndoo iwe na kifuniko. Vitu vya moto vipoe kwanza. Kwa mpira wa mlango kuna jaribio la noti: bana noti ya shilingi mia mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, pale pahali panavuja. Zungukeni mlango wote namna hiyo. Mpira mchafu mara nyingine hupona kwa kuoshwa tu na sabuni ya uvuguvugu.

Friza yenye mlango wa juu inapata ukoko polepole kuliko ya mlango wa mbele, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na inabaki chini kama maji kwenye ndoo. Ya mlango wa mbele ukiifungua baridi yote inamwagika miguuni pako. Kikundi kinachotaka kununua kikumbuke hilo. Friza isisukumwe mpaka ukutani pia. Iachiwe nafasi ya shubiri moja itupe joto lake, na isipigwe na jua.

Stima ikikatika, na hukatika, msifungue. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kushika ubaridi mpaka siku mbili hivi, na iliyo nusu ni kama siku moja. Kwa joto letu hesabuni pungufu. Kama mzigo ni kidogo jazeni nafasi kwa chupa za plastiki zenye maji, msizijaze mpaka juu kwa sababu maji yakiganda huvimba.

Mwisho, kwa wanaonunua friza ya mtumba. Iwasheni kwa saa moja au mbili mbele ya muuzaji, kisha mtazame jalidi ya kwanza inavyoshika. Ikitanda sawasawa kama unga kwenye bati lote, gesi inazunguka vizuri. Ikishika kona moja tu na kwingine bati likabaki la uvuguvugu, huenda gesi imepungua, na gesi haipungui kama mafuta ya pikipiki. Ikipungua kuna pahali inavuja. Fundi akisema ataongeza gesi tu, mwambieni atafute tundu kwanza na alizibe, ndipo ajaze, na ndipo mlipe.